Nyigu "Mpya" Alikuwa Wapi Siku Zote?

Kila baada ya miezi kadhaa kichwa cha habari hurudi kile kile: "Wanasayansi wagundua spishi mpya ya nyigu." Chini yake pana picha ya mdudu mwenye kiuno cha sindano, na watu wanaanza kuulizana. Mmoja anataka kujua alikuwa amejificha wapi muda wote huo. Wa pili ana hakika kwamba ametengenezwa maabara. Wa tatu, ambaye kwa maoni yangu ndiye mwenye hoja, anauliza: mbona huyu tunamwona tangu utotoni? Mpya kwa nani?

Mkorogo wote unaletwa na neno "mpya". Mtoto huzaliwa leo, cheti chake cha kuzaliwa kikatoka baada ya mwaka mzima. Siku cheti kinapogongwa muhuri hakuna aliyezaliwa. Mtu aliyekuwepo ndiye ameandikwa daftarini. Spishi mpya ni hivyo hivyo. Nyigu anayetangazwa mwaka huu alikuwa akiruka, akitaga na kufa kizazi baada ya kizazi bila kujali kama yumo kwenye daftari letu au hayumo. Kwa hiyo yule wa tatu anaweza kuwa sahihi kabisa: inawezekana amemwona nyigu huyo mara mia. Kumwona ni jambo moja, kumwandika ni jambo jingine.

Na spishi yenyewe ni nini? Kwa lugha nyepesi ni kundi la viumbe wanaozaana wao kwa wao, watoto wao nao wakazaa, na ambao hawachanganyiki na majirani zao hata wakiishi kichaka kimoja. Fasili hii ina mianya yake. Kuna nyigu ambao majike huzaa majike bila dume kuhusika hata kidogo, sasa hapo "kuzaana wao kwa wao" kunapimwaje? Wataalamu wamebishana juu ya hilo kwa miaka mingi na bado wanabishana. Kwa safari yetu ya leo fasili hiyo inatosha.

Mgeni si mpya

Kabla hatujaenda mbali, kuna mambo mawili ambayo habari nyingi huyachanganya. Mwaka 2019 nyigu mkubwa wa jamii ya mavu, Vespa mandarinia, alionekana Canada na kisha katika jimbo la Washington nchini Marekani. Vyombo vya habari vikampachika jina la "mavu muuaji", na wengi wakaamini kwamba ni spishi mpya iliyoibuka. La hasha. Frederick Smith wa Uingereza alishamwandika tangu mwaka 1852, na wakazi wa Asia ya Mashariki walimjua, na kumkimbia, kabla Smith hajazaliwa. Kule Amerika Kaskazini alikuwa mgeni tu, na Desemba 2024 wizara ya kilimo ya Marekani ilitangaza kwamba ametokomezwa nchini humo.

Spishi ngeni ni ile iliyohama kwao. Spishi mpya ni ile ambayo haijawahi kuandikwa na mtu yeyote popote. Ya kwanza huwa habari ya wakulima na maafisa wa mipakani, ya pili ni habari ya makumbusho na maktaba.

Nyigu ni nani hasa?

Ukitaja nyigu, wengi humwona yule mwenye mistari myeusi na ya njano anayejenga kiota cha karatasi na kumchoma mtu bila kumuuliza jina. Huyo ni tone katika ukoo mkubwa. Oda yao, yaani kundi kuu la kisayansi ambamo wamewekwa, inaitwa Haimenoptera, nayo ina zaidi ya spishi 150,000 zilizokwisha kuandikwa. Ndani yake wamo nyuki na sisimizi pia. Ukifuata nasaba, nyuki ni nyigu aliyeacha kuwinda nyama akahamia kwenye chavua, na sisimizi ni nyigu aliyeshuka ardhini, vibarua wake wakaacha mabawa.

Kundi kubwa linalobaki ni la nyigu vimelea, na hawa ndio hasa wanaojaza habari za "spishi mpya". Jike hutafuta mdudu mwingine, mathalani kiwavi, buibui au yai la nondo, akamtagia yai juu yake au ndani yake. Buu likianguliwa linamla mwenyeji wake taratibu, mara nyingi likiacha viungo vya uhai mpaka mwisho ili chakula kisioze mapema. Hapo ndipo anapotofautiana na kimelea wa kawaida. Chawa hana faida ukifa. Nyigu huyu, mwenyeji wake asipokufa, kazi haijakamilika.

Wengi wao wana urefu wa milimita chache tu. Aliye mdogo kupita wote ni Dicopomorpha echmepterygis, aliyeandikwa mwaka 1997 kutoka Illinois, Marekani. Dume lake linaweza kuwa na urefu wa milimita 0.139 tu, halina macho wala mabawa. Liweke kando ya punje ya chumvi ya mezani, punje ndiyo itakayoonekana kubwa. Huyo ni mdudu kamili, mwenye miguu na ubongo.

Na kuhusu kuchoma: madume ya nyigu hayachomi, hata yale makubwa yanayokuzomea sikioni. Mwiba wa nyigu ni mrija wa kutagia mayai uliogeuzwa silaha, na dume hatagi. Kati ya majike nako, spishi nyingi zinatumia mrija huo kwa kazi yake ya asili tu. Ukiona nyigu mwembamba ana "mkia" mrefu kuliko mwili wake, usikimbie. Ule ni mrija wa kufikia buu lililojificha ndani ya gogo, na wewe si buu.

Alijificha wapi?

Alijificha palipo wazi. Mwaka 2018 kikundi cha watafiti kilipiga hesabu kwa njia rahisi kueleza: karibu kila mdudu ana angalau nyigu mmoja anayemwinda yeye, na mara nyingi nyigu huyo hana habari na mwenyeji mwingine. Kama ni hivyo, nyigu wanaweza kuwa wengi kwa spishi kuliko hata mbawakawa, ambao kwa muda mrefu ndio waliohesabiwa kuwa vinara wa wanyama wote. Tukiwajumlisha waliokwisha kuandikwa, mbawakawa bado wanaongoza kwa mbali. Maana yake ni kwamba nyigu wengi bado hawajaandikwa.

Mfano unaonichekesha kila nikiufikiria ni wa Syntretus perlmani. Nzi wadogo wa matunda wamechunguzwa na wanabiolojia kuliko karibu mdudu mwingine yeyote. Wamejaa maabara za dunia nzima kwa zaidi ya karne, wamekwenda mpaka anga za juu. Nyigu wanaoshambulia mabuu na pupa (hatua kati ya buu na nzi mzima) wa nzi hao walijulikana kwa karibu miaka 200. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Mississippi walipokuwa wakipasua nzi wazima waliokamatwa porini, wakitafuta minyoo, walikuta buu la nyigu tumboni mwa nzi. Nyigu anayetaga ndani ya nzi mzima, anayeruka! Hakuna aliyewahi kumwandika. Alitangazwa mwaka 2024, na hakutoka kwenye msitu usiokanyagwa. Alitoka Mississippi, ndani ya mdudu ambaye kila mtu alidhani ameshammaliza.

Kuhusu yule anayesema ametengenezwa maabara, sina mengi. Maabara inaweza kumfuga nyigu na kumsoma. Kumtunga spishi nzima hakuna anayeweza.

Kutoka chupani mpaka chini ya hadubini

Katika miaka ya 1930 Msweden René Malaise aligundua jambo ambalo kila aliyelala kwenye hema amewahi kuliona: wadudu wakiingia hemani hawatoki walikoingilia, wanapanda juu na kujazana kwenye pembe. Akabuni hema la wavu lisilo na mtu ndani, pembe yake ya juu ikiishia kwenye chupa. Mpaka leo mtego huo unabeba jina lake, na nyigu wengi wapya walianza safari yao humo, ndani ya chupa ya spiriti.

Ukimimina chupa ya wiki moja kwenye sinia jeupe, unachoona kwanza ni uji wa mabawa na miguu. Nzi wamejaa, nondo wamepukutika unga, panzi mmoja amekunja goti. Mtu anakaa na kibano laini, anatenga mdudu mmoja mmoja. Kazi hii haina picha nzuri, ndiyo maana haionekani kwenye habari. Ukiona vyaelea, vimeundwa, na huku vimeundwa kwa mgongo kuuma.

Nyigu mkubwa huchomwa pini. Mdogo angepasuka, kwa hiyo hubandikwa ubavu kwa tone la gundi kwenye ncha ya kipembetatu cha kadi, na pini hupita kwenye kadi. Chini yake hukaa lebo ndogo kuliko ukucha: mahali, vipimo vya latitudo na longitudo, tarehe, njia ya kukamata, jina la mkamataji. Nyigu asiye na lebo ni sawa na barua isiyo na anwani. Awe mzuri kiasi gani, hana pa kwenda.

Kisha hadubini. Kile kidoa cheusi kinafunguka kuwa mnyama. Kifua kimejaa vishimo kama subana ya fundi cherehani. Vipapasio vina pingili, na pingili zinahesabiwa. Kwenye bawa mna vishipa vinavyokutana na kuachana kama mistari ya kiganja, na kishipa kimoja kukosekana kunaweza kumhamisha mdudu kutoka familia moja hadi nyingine. Mtaalamu anapima mrija wa kutagia dhidi ya mguu wa nyuma, anatazama kama kiuno kina mikunjo au ni laini, kama nywele za usoni zimelala au zimesimama. Anapiga picha kadhaa, kila moja kwa kina chake, kisha kompyuta inaziunganisha kuwa picha moja iliyo wazi kuanzia kichwani mpaka mwisho wa tumbo.

Hatua inayofuata ni ufunguo wa utambuzi. Huu ni mlolongo wa maswali ya mawili mawili: vipapasio vina pingili zaidi ya 13? Kama ndiyo, nenda swali la 4. Kama sivyo, nenda la 9. Unafuata mpaka ufike kwenye jina. Ukifika mahali ambapo nyigu wako hakubali jibu lolote kati ya mawili, moyo unadunda. Lakini hapo bado hujagundua kitu. Pengine ufunguo ni wa miaka sitini iliyopita. Pengine mtu alishamwandika nyigu huyo kwenye jarida ambalo hujalisoma. Pengine ulihesabu vibaya, hilo nalo hutokea sana.

Hapa ndipo kazi ngumu ilipo, na ndipo habari za magazeti zinaporuka. Kumpata nyigu wa ajabu ni rahisi kuliko kuthibitisha kwamba hayumo tayari daftarini. Ni kama kumshuku mgeni kwenye arusi. Huwezi kusema hakualikwa mpaka umepitia orodha yote ya waalikwa, na orodha hii imeandikwa kwa zaidi ya miaka 260, kwa Kilatini, Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza, nyingine ikiwa na maelezo ya mistari mitatu tu ya mtindo wa "mweusi, miguu ya njano". Basi inabidi kwenda kumwona nyigu mwenyewe aliyeandikwa zamani, au kuomba picha zake, London, Paris, Berlin, Cape Town, popote alipohifadhiwa.

Kuna mtego mwingine. Nyigu vimelea hulingana na chakula walichopata: buu lililokulia ndani ya kiwavi mdogo hutoka nyigu mdogo. Ndugu wawili wa tumbo moja wanaweza kupishana ukubwa mpaka ukadhani ni spishi mbili. Ndiyo maana mtaalamu mwangalifu haridhiki na mdudu mmoja akiweza kupata kumi.

DNA inasema nini, na haisemi nini

Watu wengi hudhani siku hizi kazi imekuwa nyepesi: kata mguu, tia kwenye mashine, mashine itoe jibu. Kuna ukweli ndani yake. Mwaka 2003 Paul Hebert na wenzake wa Chuo Kikuu cha Guelph, Canada, walipendekeza kusoma kipande kimoja cha vinasaba, chenye herufi zipatazo 650, kiwe kama msimbo wa bidhaa dukani. Kipande hicho hupatikana kwa wanyama karibu wote, na hutofautiana kati ya spishi na spishi.

Kimefichua mengi. Huko Guanacaste, Costa Rica, nyigu waliofanana shilingi kwa ya pili chini ya hadubini waligeuka kuwa spishi mbalimbali, kila moja na kiwavi wake. Mwalimu huwachanganya pacha darasani, mama yao hawachanganyi. Viwavi nao hawakuwachanganya nyigu hao.

Lakini msimbo huo unasomwa kwenye mitokondria, vile vinu vidogo vya nishati ndani ya seli, ambazo mtoto huzirithi kwa mama tu. Na ndani ya wadudu wengi huishi bakteria aitwaye Wolbachia, ambaye naye hupitishwa na mama kwenye mayai. Bakteria huyo akienea katika kundi, huburuta mitokondria za mama mmoja pamoja naye, na matokeo yake yanaweza kudanganya: spishi mbili zionekane moja, au moja ionekane mbili. Msimbo ni ushahidi mzito, lakini ni shahidi mmoja.

Mwaka 2021 ugomvi ulilipuka. Watafiti walichapisha kwa mpigo spishi mpya 403 za nyigu wa Costa Rica, nyingi zikielezwa kwa msimbo wa DNA na picha tu, bila yale maelezo marefu ya vishipa na vishimo. Walisema kwa mwendo wa zamani nyigu wangetoweka kabla hatujamaliza kuwaandika. Wapinzani wakajibu kwamba mtu mwenye hadubini bila mashine ya DNA hawezi kumtambua hata mmoja wao, na kwamba maelfu ya spishi za zamani hazina msimbo wa kulinganishia. Kwangu mimi pande zote mbili zina haki kwa nusu. Haraka inahitajika, lakini daftari ambalo wengi hawawezi kulisoma si daftari la wote.

Jina na kielelezo mama

Mdudu akishathibitishwa, huandikiwa makala. Ndani yake mna maelezo, picha, sababu za kusema si spishi nyingine, na jina. Jina lina sehemu mbili kwa mtindo uliowekwa na Carl Linnaeus, na kwa wanyama hesabu inaanzia kitabu chake cha mwaka 1758. La kwanza, la jenasi, huanza kwa herufi kubwa na ni kama jina la ukoo. La pili ni lake mwenyewe na huandikwa kwa herufi ndogo hata likitokana na jina la mtu. Kuna kanuni za kimataifa zinazosimamia yote haya, na mojawapo ni kali: wa kwanza kuchapisha ndiye mwenye haki.

Kanuni nyingine inataka mwandishi achague mdudu mmoja, mmoja tu, awe holotaipu, yaani kielelezo mama. Jina linafungwa kwake kama ng'ombe kwenye kigingi. Miaka mia ijayo ukizuka ubishi kuhusu jina fulani linamhusu nani, hawaulizwi wajukuu wa mwandishi. Droo inafunguliwa, na yule mdudu mwenye lebo nyekundu anaangaliwa tena.

Je, mgunduzi anaruhusiwa kujipa jina lake? Watu huapa kwamba ni marufuku. Kanuni haikatazi, ila ni aibu kubwa, na wenzako hawatasahau. Kumpa rafiki, mwalimu au nyota wa muziki inakubalika. Kati ya nyigu 24 kutoka Ecuador walioandikwa mwaka 2014 yumo Aleiodes shakirae, wa mwimbaji Shakira, kwa sababu kiwavi anayeliwa na buu lake hujipinda kama mtu anayecheza kwa tumbo. Mwaka huo huo wageni wa makumbusho ya Berlin walipiga kura kuchagua jina la nyigu wa Thailand anayewawinda mende. Jina ninalolipenda kuliko yote ni la Euderus set wa Florida, wa mwaka 2017. Nyigu huyu humshambulia nyigu mwingine anayeishi ndani ya uvimbe kwenye kijiti cha mwaloni. Mwenyeji hutoboa tundu la kutokea, kichwa kikakwama, kikawa kizibo, na Euderus akamla kwa nyuma kisha akatoka kwa kutoboa kichwa hicho. Set ni mungu wa Misri ya kale ambaye, katika masimulizi, alimnasa nduguye Osiris ndani ya sanduku.

Kwa nini tujisumbue?

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, eneo la Kongo lilivamiwa na mdudu mdogo mweupe kama aliyepakwa unga, anayefyonza utomvu wa muhogo. Majani ya juu yakajikunja, mashamba yakadumaa, na mdudu akasambaa nchi kwa nchi katika Afrika. Mwaka 1977 aliandikwa rasmi kama Phenacoccus manihoti. Muhogo asili yake ni Amerika ya Kusini, kwa hiyo watafiti wakaenda huko kumtafuta mdudu huyo kwao, ili wampate adui wake wa asili.

Wakampata, au walidhani wamempata, kaskazini mwa bara hilo. Mweupe vile vile, juu ya muhogo vile vile. Lakini adui zake hawakumfaa mdudu wa Afrika. Uchunguzi wa karibu ulionyesha kwamba yule wa kaskazini ana madume na majike, ilhali wa Afrika ni majike watupu wanaozaa peke yao. Walikuwa spishi mbili. Yule wa kaskazini alipewa jina lake, Phenacoccus herreni, mwaka 1981, na mwaka huo huo yule halisi akapatikana mbali kusini, Paraguay, akiwa na nyigu wake.

Nyigu mwenyewe alikuwa na jina tayari. Anaitwa Anagyrus lopezi, na aliandikwa kutoka Argentina katika miaka ya 1960, wakati hakuna aliyejua atakuja kumfaa nani. Aliachiliwa Nigeria mwaka 1981 kupitia taasisi ya kilimo cha tropiki ya Ibadan, akasambazwa katika ukanda wa muhogo wa Afrika, na balaa likapungua kwa kiasi kikubwa. Hans Herren aliyeongoza kazi hiyo alipewa Tuzo ya Dunia ya Chakula mwaka 1995. Tofauti ndogo kati ya wadudu wawili weupe iliwagharimu wakulima miaka kadhaa ya kungoja.

Baada ya cheti

Mwaka 2012 watafiti wa Ufaransa walikokotoa muda unaopita kati ya kiumbe kukamatwa na kuandikwa. Wastani ulikuwa miaka 21. Mwaka huo huo Lynn Kimsey wa California na Michael Ohl wa Berlin walimtangaza Megalara garuda wa Sulawesi, Indonesia, nyigu mweusi ambaye taya za dume lake ni ndefu kuliko miguu yake ya mbele. Kimsey alimpata kisiwani. Ohl alimkuta kwenye droo ya makumbusho ya Berlin, na lebo yake ilionyesha alikamatwa mwaka 1930. Kwa takriban miaka themanini taya hizo zilikaa kimya pale, na hakuna aliyeinua kifuniko akashtuka.

Na jina likishatoka halijafika mwisho wa safari. Anagyrus lopezi huyo huyo amewahi kuitwa Epidinocarsis na Apoanagyrus, kadiri wataalamu walivyobadilisha mawazo juu ya ukoo wake. Mengine hufutwa kabisa. Katika familia ya Mutillidae jike hana mabawa, amevaa manyoya ya rangi kali na anatembea chini kama sisimizi aliyenenepa. Dume ana mabawa na sura nyingine kabisa. Wataalamu wa zamani, kwa nia njema, waliwaandika mume na mke kama spishi mbili, kila mmoja na jina lake, kielelezo mama chake na droo yake. Kisha siku moja mtu yuko porini, anainama, anakuta "spishi" hizo mbili zimepandana, anazitia zote mbili katika kichupa kimoja. Jina lililotangulia kuchapishwa linabaki, na la pili linafutwa daftarini.